Baada ya Kisu: Dawa na Mionzi kwa Aliyepasuliwa Saratani ya Titi

Mpasuaji akikuambia "tumeutoa wote", mshukuru, kisha muulize majibu ya maabara yatatoka lini. Yeye anasema alichokiona kwa macho: uvimbe umetoka, kidonda kimeshonwa, hakuna kilichobaki cha kushikika kwa mkono. Lakini saratani ya titi huweza kusambaza chembe zake mapema, hata kabla uvimbe haujatambuliwa. Nyingine hubaki kwenye ngozi na misuli ya kifua, nyingine kwenye tezi za kwapani na za juu ya mtulinga, nyingine huingia kwenye damu zikaenda kutulia mifupani, kwenye ini au kwenye mapafu. Hakuna CT wala altrasaundi inayoziona zikiwa chache hivyo. Hizo ndizo zinazorudisha ugonjwa baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, wakati mwingine baada ya kumi na mitano.

Kwa hiyo daktari wa saratani anapokuandikia dripu, mionzi na vidonge wakati kidonda bado kinakuuma, usidhani upasuaji umeshindwa na wanakuficha. Anawinda kisichoonekana. Mwongozo huu ni wako uliyepasuliwa, na wa ndugu anayekubebea faili. Unaeleza kwa nini dawa na mionzi huenda pamoja, kipi hutangulia, nini cha kuuliza, na mahali ambapo wagonjwa huteleza. Hauchukui nafasi ya daktari wako, ambaye faili lako liko mezani kwake.

Kila tiba na eneo lake

Mionzi hufanya kazi pale tu inapoelekezwa. Huvunja nyuzi za vinasaba ndani ya chembe. Chembe nzima ya mwili hujikarabati kwa saa chache. Ya saratani hushindwa, na ikijaribu kugawanyika inakufa. Ndiyo maana dozi hukatwa vipande vidogo vya kila siku badala ya kupigwa yote kwa mkupuo. Lakini mionzi iliyoelekezwa kifuani haina habari na kilichojificha nyongani. Dawa ni kinyume chake: huzunguka na damu mwili mzima, ila kwenye kifua chenyewe na tezi zake mara nyingi haimalizi kazi ikiwa peke yake.

Jambo hili lilipimwa Denmark. Kuanzia mwaka 1982, wanawake 1,708 ambao hawajafikia ukomo wa hedhi, wote wameondolewa titi na wote wako kwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa dawa za dripu na mionzi, jingine likapewa dawa bila mionzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Waliopata dawa bila mionzi, asilimia 32 ugonjwa uliwarudia kifuani au kwenye tezi za jirani. Waliopata vyote viwili, asilimia 9. Baada ya miaka 10, asilimia 54 ya waliochanganyiwa tiba walikuwa hai, dhidi ya asilimia 45 ya wenzao. Utafiti mwenzake, wa wanawake waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa wakimeza tamoksifeni, kidonge cha homoni, ulitoa picha ileile mwaka 1999: kurudi kwa ugonjwa kifuani asilimia 35 bila mionzi, asilimia 8 kwa waliopata mionzi.

Wapo waliokosoa, na walikuwa na hoja. Wapasuaji wa Denmark wakati ule walitoa tezi chache kwapani, takriban saba kwa mgonjwa, hivyo huenda mionzi ilikuwa ikifidia upasuaji mfupi. Dawa za leo nazo zina nguvu kuliko za 1982. Faida utakayoipata wewe pengine ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo jambo la msingi halijapinduliwa: mionzi haifanyi kazi ya dawa, wala dawa haifanyi kazi ya mionzi. Na ukimwona mgonjwa mwenzako kwenye benchi amepewa kimoja tu, usikimbilie kusema yeye amepunjwa au wewe umezidishiwa. Karatasi yake si yako.

Karatasi ya maabara ndiyo inayoamua

Kila uamuzi unaofuata hutoka kwenye majibu ya kinyama kilichotolewa siku ya upasuaji. Wagonjwa wengi huyaona kama karatasi ya daktari tu, hawayasomi, na mgonjwa akihama hospitali hupotea. Omba nakala. Ipige picha kwa simu, na picha hiyo umtumie pia ndugu mmoja.

Tafuta mambo haya ndani yake. Ukubwa wa uvimbe kwa sentimita. Idadi ya tezi zilizotolewa kwapani, na ngapi kati ya hizo zilikuwa na saratani. Kama kwapa lote lilisafishwa, hutarajiwa tezi 10 au zaidi zihesabiwe. Kingo za kipande kilichokatwa, kama ni safi au saratani imefika ukingoni. Daraja la ukali wa chembe. Kisha vile vipimo vitatu ambavyo mara nyingi huja baadaye kwa karatasi ya pekee: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na HER2. Bila vitatu hivi daktari anatibu kwa kubahatisha, kwa sababu ndivyo vinavyosema kama vidonge vya homoni vitakufaa na kama unahitaji trastuzumabu, dawa ya wenye HER2 chanya. Ukiambiwa havijafanyika, uliza vinafanyika wapi. Usisubiri mpaka dripu ziishe.

Kuna jambo ambalo hutokea kimya kimya chumba cha upasuaji, nawe unaweza kulizuia kwa kuuliza tu kabla ya siku ya kisu. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, katika chombo kikubwa chenye dawa ya kutosha. Kikiachwa kwenye beseni mpaka jioni, kipimo cha homoni kinaweza kutoka hasi wakati ukweli ni chanya, na mwanamke akanyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemlinda kwa miaka. Pale ambapo ndugu ndiye anayekabidhiwa chupa apeleke maabara mwenyewe, jambo ambalo bado lipo katika hospitali zetu nyingi, apeleke siku hiyohiyo. Maabara nayo huhifadhi kinyama kwenye vipande vya nta. Ukihamia hospitali nyingine, waombe vipande hivyo viende nawe. Ndivyo vitakavyorudiwa kupimwa kama kuna shaka.

Sasa, nani anahitaji mionzi? Kama titi lilibakizwa na kukatwa uvimbe tu, jibu ni ndiyo kwa karibu kila mtu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 17, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wanawake 10,801, ulionyesha kuwa mionzi baada ya upasuaji wa namna hiyo hupunguza kurudi kwa ugonjwa ndani ya miaka 10 kutoka asilimia 35 hadi 19. Kama titi lote liliondolewa, mionzi huhitajika pale tezi nne au zaidi zilipokuwa na saratani, uvimbe ulipozidi sentimita 5 ukiwa na tezi zilizoathirika, au ugonjwa ulipogusa ngozi au ukuta wa kifua.

Wenye tezi moja hadi tatu ndio wanaobishaniwa. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulikuta kuwa kwa kundi hilo mionzi ilishusha vifo vya saratani ya titi katika miaka 20 kutoka asilimia 50 hadi 42, ila hao walitibiwa kwa dawa za zamani. Utafiti wa SUPREMO, uliofuata kwa miaka 10 wagonjwa wa hatari ya kati waliopata dawa za kisasa, haukuona kwamba mionzi ya ukuta wa kifua iliwaongezea maisha. Kama uko kundi hili, una haki ya kuuliza waziwazi: kwangu mimi, kwa umri wangu na karatasi yangu, faida ni kubwa kuliko madhara? Daktari mzuri hatakasirika.

Tahadhari moja ambayo kwetu ina uzito kuliko Ulaya. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa, kwa hiyo hupewa dripu kwanza ili ushuke, ndipo wapasuliwe. Baada ya upasuaji pengine maabara haikuti chochote, na nyumbani watu wanashangilia. Ni habari njema kweli. Lakini uamuzi wa mionzi huangalia pia hali ilivyokuwa mwanzo, kabla ya dripu. Kama ulianza na ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa au tezi zilizoshikana, mionzi bado ni yako. Ndiyo maana karatasi ya siku ya kwanza isitupwe.

Kipi kinatangulia

Mpangilio wa kawaida kwa aliyepasuliwa kwanza ni huu: kidonda kipone, dripu zianze, dripu ziishe, mionzi ianze, na vidonge vya homoni viingie baada ya dripu na kuendelea kwa miaka. Kila hatua ina saa yake.

Dripu huanza vizuri ndani ya wiki nne hadi nane baada ya upasuaji. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa California, uliotolewa mwaka 2016, uliona kwamba waliochelewa zaidi ya siku 90 waliishi muda mfupi kuliko waliowahi, na pengo lilikuwa baya zaidi kwa wale ambao vipimo vyote vitatu ni hasi. Siku 90 ni nyingi kwenye kalenda, lakini zihesabu kwa maisha yetu: majibu ya maabara, kibali cha bima, harusi ya mdogo wako, nauli, foleni ya kitanda. Zinaisha bila kuonekana. Andika tarehe ya upasuaji juu ya jalada la faili kwa wino mwekundu, na chini yake tarehe ya siku ya 90.

Kwa nini mionzi isipigwe pamoja na dripu ili kuokoa muda? Kwa saratani nyingine hufanyika hivyo, nitaligusa baadaye. Kwa titi, dripu nyekundu inayotumika sana, doksorubisini, ikikutana na mionzi huunguza ngozi vibaya na kuongeza mzigo kwa moyo. Hata baada ya mionzi kwisha, dawa hiyo ikitolewa inaweza kuamsha upya majeraha mahali palepale palipopigwa. Kwa hiyo huachwa wiki tatu hadi sita au zaidi kidogo kati ya dripu ya mwisho na mionzi ya kwanza. Huo ndio muda wa kufanya taratibu za mionzi. Usiutumie kurudi nyumbani na kusahau. Omba miadi ya mionzi ukiwa bado umebakiza dripu mbili, kwa sababu foleni ya mashine ni ndefu. Kama hukuandikiwa dripu kabisa, mionzi yako inatakiwa ianze karibu wiki nane tangu upasuaji.

Trastuzumabu, kwa wenye HER2 chanya, ni habari nyingine. Hutolewa kwa mwaka mmoja na haisimamishwi wakati wa mionzi, ila haitolewi pamoja na doksorubisini, na moyo hupimwa kwa altrasaundi takriban kila miezi mitatu. Vidonge vya homoni navyo havianzi wakati dripu zinaendelea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa tamoksifeni inayosubiri dripu ziishe huelekea kufanya kazi vizuri kuliko inayomezwa sambamba nazo. Pamoja na mionzi vinaweza kumezwa. Madaktari wengine hupenda kusubiri mionzi iishe, na hilo si kosa.

Kabla ya kuanza, kaa na familia mhesabu gharama ya safari nzima, si ya dripu ya kwanza. Nchini Kenya, SHA, bima ya afya ya taifa, huweka kikomo cha fedha kwa kaya kwa mwaka, na mgonjwa anayekimaliza kwenye vipimo na dripu hujikuta mikono mitupu siku ya mionzi. Tanzania, bima huhitaji vibali kwa tiba fulani, na kibali kinachoombwa siku ya miadi ni miadi iliyopotea. Ustawi wa jamii wa hospitali upo kwa ajili ya asiye na uwezo. Nenda mapema, na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Wiki za mionzi

Mashine za mionzi ni chache. Tanzania ziko katika vituo kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kenya, Nairobi ndiyo iliyobeba wagonjwa wengi kwa miaka. Rwanda ilianza huduma hiyo Kanombe mwaka 2019. Kwa anayetoka Pemba, Kigoma au Lodwar, kinachomshinda mara nyingi ni pa kulala. Ndiyo maana swali muhimu kuliko yote siku ya kwanza ni: nitapigwa mara ngapi?

Ratiba ya zamani ilikuwa mara 25 kwa wiki tano, jumla ya grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Utafiti wa START wa Uingereza ulionyesha kwamba grei 40 kwa mara 15, yaani wiki tatu, huzuia ugonjwa sawasawa na kuumiza ngozi na nyama kidogo zaidi. Mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya FAST-Forward: grei 26 kwa mara tano tu, wiki moja, nazo hazikuwa duni kwa miaka mitano ya ufuatiliaji. Ratiba ya wiki moja inahitaji mashine na upangaji wa makini, na si kila kituo kiko tayari. Ya mara 15 haina sababu ya kukuogopesha. Ukiandikiwa 25, uliza kwa adabu kama 15 inakufaa. Huenda kuna sababu ya kitabibu ya kubaki na 25, au ni mazoea tu.

Kabla ya kupigwa utafanyiwa CT ya kupanga, ukilala mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Hapo ndipo wengi hukwama: bega limekakamaa baada ya upasuaji na mkono haupandi. Anza mazoezi ya bega mapema, kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kutambaza vidole ukutani kila siku mpaka mkono ufike. Watakuchora alama au kukuwekea vidoa vidogo vya wino, usivisugue. Kama ni titi la kushoto, uliza wanavyoukinga moyo. Vituo vingine humfundisha mgonjwa kuvuta pumzi na kuishikilia ili moyo usogee mbali na mionzi.

Mpigo wenyewe huchukua dakika chache na hauumi. Hutoki umebeba mionzi: lala na mumeo, mpakate mtoto, pika. Kuhamishwa chumba na kutengewa vyombo ni ujinga unaowaumiza wanawake bure.

Ngozi itaiva, itakuwa nyeusi zaidi, na kuelekea mwisho au wiki moja mbili baada ya hapo inaweza kuchubuka, hasa kwapani na chini ya titi. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, jikaushe kwa kugusagusa. Vaa kanga au blauzi ya pamba, sidiria iwe pembeni. Liwa, manjano, mafuta ya karafuu, dawa za kuchua zenye mentholi, chupa ya maji ya moto: vyote mbali na eneo hilo. Likichubuka, onyesha wahudumu palepale, usijitibu nyumbani.

Siku zisipotee. Ukikosa moja kwa msiba au basi kuharibika, sema, wataifidia. Mashine nayo huharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya Mulago, Uganda, iliharibika, na ilipita zaidi ya mwaka kabla nchi haijapata nyingine. Ikitokea katikati ya tiba yako, usirudi kijijini kusubiri simu. Muulize daktari wa mionzi kama dozi itahesabiwa upya na kama kuna kituo kingine cha kukamilishia, na uondoke na barua yenye idadi ya mipigo uliyokwisha kupata.

Homa si malaria mpaka ipimwe

Hapa nitasema kwa ukali, kwa sababu kosa hili linaua watu ambao saratani yao ilikuwa inatibika. Dripu hushusha chembe nyeupe za damu, zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi kipindi hicho, kwetu kila mtu atakuambia ni malaria au UTI, umeze dawa mseto ulale. Usilale. Nenda hospitali usiku huohuo, waambie "niko kwenye dripu za saratani", wapime wingi wa damu, na ukikutwa chembe nyeupe zimeshuka uanzishiwe antibayotiki ya sindano bila kusubiri asubuhi. Malaria ipimwe pia, lakini isiwe sababu ya kukurudisha nyumbani. Nunua kipimajoto. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko dozi moja ya chochote utakachoandikiwa.

Dawa za asili nazo zinahitaji ukweli. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wengi wakiacha tiba zao hospitalini. Vikombe vipya hutokea kila mwaka kwa majina mapya, siku hizi kwenye simu. Sitakuambia mlonge ni sumu. Nitakuambia hivi: mizizi iliyochemshwa inaweza kugombana na dripu ndani ya ini, na daktari asiyejua unachokunywa hatajua kwa nini vipimo vya ini vimepanda. Kama unakunywa kitu, mtajie. Kama mtoa dawa anakutaka uache dripu au mionzi kwanza, mkimbie.

Kidonge kimoja, miaka mitano

Dripu zimeisha, mionzi imeisha, nywele zinaota. Mgonjwa mwenye kipokezi cha homoni chanya huona amemaliza, na hapo ndipo hupoteza kinga aliyoilipia kwa jasho. Tamoksifeni miligramu 20 kwa siku kwa miaka mitano hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu katika miaka mitano ya kwanza, na kwa karibu theluthi katika mitano inayofuata, hata baada ya kuacha kumeza. Vifo vya saratani ya titi hupungua kwa karibu theluthi katika miaka 15. Utafiti wa ATLAS wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwa baadhi, kuendelea hadi miaka 10 kuna faida zaidi. Waliokoma hedhi huweza kupewa anastrozoli au letrozoli. Hizi hazifanyi kazi kwa mwanamke ambaye mayai yake bado yanatoka, isipokuwa ovari zimezimwa. Wanaume, ambao nao hupata saratani hii, humeza tamoksifeni.

Joto la ghafla usiku na jasho ni kawaida. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukata pumzi, au damu kutoka kwa aliyekwisha kukoma hedhi si kawaida: nenda ukaonwe. Ukianzishwa dawa za kifua kikuu, taja tamoksifeni, kwa sababu rifampisini huishusha sana kwenye damu. Baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, nazo huizuia kufanya kazi. Na sindano ya uzazi wa mpango au kijiti, vilivyozoeleka mno kwetu, havimfai aliyeugua saratani ya titi. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba, maana hata mimba haitakiwi ukiwa kwenye dripu, mionzi au tamoksifeni.

Baada ya hapo ni kliniki kila miezi michache kwa miaka ya mwanzo, na mamogramu ya titi lililobaki mara moja kwa mwaka. Usimalize akiba kwa CT ya mwili mzima kila nusu mwaka wakati huna dalili yoyote. Miongozo mikubwa ya kitaalamu haiipendekezi.

Ikiwa saratani ni nyingine

Utaratibu hubadilika. Kwa mlango wa kizazi, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwachukua wanawake waliopasuliwa na kukutwa na saratani kwenye tezi, kingo au nyama za pembeni. Walioongezewa sisplatini na fluorourasili juu ya mionzi, asilimia 81 walikuwa hai baada ya miaka minne, dhidi ya 71 waliopata mionzi tu. Hapo dawa huanza pamoja na mionzi, kwa sababu sisplatini huifanya chembe ishindwe kujikarabati. Mdomo na koo hufuata njia hiyo pale kingo zinapokuwa chafu au saratani imepasua ganda la tezi. Kwa ubongo, temozolomaidi humezwa kila siku kipindi chote cha mionzi. Kwa tezi dume, kipimo cha PSA kikipanda baada ya upasuaji, mionzi huweza kuunganishwa na dawa za kuzuia homoni ya kiume. Katika saratani za mlango wa kizazi na za koo, kila siku ya mionzi inayopotea hupunguza nafasi ya kupona, kwa hiyo huko ratiba ni amri.

Na wewe uliyeacha katikati, kwa fedha, kwa uchovu, kwa aibu au kwa sababu mtu alikushauri: rudi. Peleka faili, au hata zile picha za kwenye simu. Hutakuwa wa kwanza kurudi kliniki baada ya miezi, na daktari anaweza kupanga upya kutoka hapo ulipofikia. Tamoksifeni iliyoachwa inaweza kuanzwa tena, na bado inasaidia.